Maji ya bahari kwenye zege: ninapoyatumia na ninapoyakataa

Maji ya bahari nayatumia kwenye zege lisilo na chuma hata kipande: zege jembamba la kusawazisha chini ya msingi, vitalu vizito vya kuvunja mawimbi, sakafu ya ua. Penye nondo nayakataa kabisa, na hesabu yenyewe ndiyo inayonikataza. Lita moja ina chumvi kama gramu 35, na kati ya hizo gramu 19 hivi ni kloridi, sehemu ya chumvi inayoleta kutu. Mfuko wa kilo 50 ukiutilia lita 25, umeingiza kloridi gramu 475, yaani asilimia 0.95 ya uzito wa saruji. Kanuni ya Ulaya, EN 206, hairuhusu kuzidi asilimia 0.4 kwenye zege la nondo. Zege tupu ndilo lenye ruhusa ya hadi 1.0.

Saruji huivika nondo utando mwembamba unaozuia kutu. Kloridi huutoboa utando huo. Kutu hutaka nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, kwa hiyo husukuma zege kutoka ndani: kwanza unaona ufa mwembamba unaofuata mstari wa nondo, kisha doa la kahawia linavuja, na ukigonga kwa nyundo unasikia uwazi. Kuziba ufa huo kwa plasta ni kuficha ugonjwa. Wengine huongeza unene wa zege juu ya nondo wakidhani watapona, lakini unene huzuia chumvi inayoingia kutoka nje. Hii imo ndani tangu siku ya kwanza. Waya wa kufungia, boliti na bomba la mabati navyo ni chuma, visisahaulike.

Maji nayachota mbali na mwani na midomo ya mito, nayaacha kwenye pipa usiku kucha, kisha nachota ya juu na kuyachuja kwa kitambaa. Mwani una madhara: huingiza viputo vya hewa na kupunguza nguvu ya zege.

Uwiano wangu ni 1:2:4, yaani saruji, mchanga na kokoto. Zege hili huwahi kushika, hivyo nachanganya nusu mfuko kwa mara moja. Likianza kukaza siliongezi maji. Siku za mwanzo huonekana gumu kuliko la maji yasiyo na chumvi, ila kufikia siku 28 mara nyingi huwa nyuma kwa asilimia 10 hadi 15. Ndiyo maana nashusha maji hadi lita 22 au 23 kwa mfuko na kushindilia zaidi. Baadaye nalifunika kwa magunia mabichi siku 7.

Ukuta wa kupigwa plasta na rangi siujengi hivi. Chumvi hupanda, unga mweupe hutokeza, rangi hubanduka.

Pipa la maji ya bahari nalipaka alama nyekundu na kuliweka mbali na panapomwagwa nguzo na mihimili. Ndoo moja ya lita 20 ikikosewa kwenye mfuko mmoja, kloridi tayari ni asilimia 0.76.