Siku moja na mabaki ya vitenge: kazi yangu ya mablanketi ya watoto

Saa 11 alfajiri niko macho. Chai, watoto wa shule, kufagia uwanja, na saa 1 nimeshapanda daladala kutoka Tandika kwenda Kariakoo.

Watu wakiniona natoka kwa mafundi cherehani na mfuko wa mabaki wanadhani naokota takataka. Mimi nashona mablanketi ya watoto kwa vipande hivyo, na ndiyo kazi inayonilipia kodi ya fremu. Ukichelewa hupati kitu. Tunagombania mfuko mmoja na wajaza mito ya kulalia, pamoja na vijana wa gereji wanaotafuta matambara ya kufutia grisi. Bahati nzuri nina mzee mmoja ambaye huniwekea.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba mwanangu. Leo una bahati, nimeshona sare.”

Sare ya harusi ni neema. Ukoo mzima umevaa kitambaa kimoja, kwa hiyo mabaki yake yanatosha upande wote wa chini wa blanketi bila kuchanganya rangi.

Saa 4 nimerudi, nachambua. Hapa sitaki haraka. Kitenge kinaweza kuuzwa kwa jina la pamba na kisiwe pamba, kwa hiyo nachomoa uzi mmoja na kuuwashia kiberiti. Pamba inaungua kwa harufu ya karatasi, majivu yake ukiyagusa yanapukutika. Poliesta inajikunja, inayeyuka, na ikipoa inaacha kidonge kigumu. Yenye kidonge naitenga, wajaza mito watakuja kuichukua. Hainyonyi jasho, na joto la Dar mnalijua. Tena pamba hurudi, yaani husinyaa, ikifuliwa, poliesta hairudi, kwa hiyo ukiziunganisha mshono unakunjamana baada ya kufua mara moja. Pamba nailoweka itoe wanga, nyekundu kwenye beseni lake peke yake kwa sababu inachuja.

Mchana ni kupiga pasi na kukata. Kipimo changu ni boksi gumu la inchi 5 kwa 5. Vipande 7 kwa upana na 9 kwa urefu, jumla 63. Mshono unakula robo inchi kila upande, kila kipande kinabaki inchi 4 na nusu. Kimoja kikizidi hata unyuzi, pembe hazikutani, na mimi pembe zisizokutana nazifumua.

Saa 8 mteja wangu akaja kuchukua blanketi la mwanawe wa miezi minane. Tulikubaliana shilingi 35,000, advansi alishatoa. Akaligeuza, akalinusa, akavuta mishono.

“Fundi, mabaki si unapewa bure? Sasa bei yote hii ya nini?”

“Dada, kitambaa ndicho cha bure. Kuchambua, kufua, kupiga pasi, kukata vipande 63 na kuviunganisha, hivyo sipewi bure.”

Akampigia mumewe, akaweka spika, nikarudia maelezo yote kwa baba mtoto. Umeme ukakatika tukiwa hapo hapo. Cherehani yangu ni ya miguu, ila pasi ikawa basi, nikatoka kuwasha mkaa huku anaendelea kunifuata na maneno. Akataka nishonee vifungo viwili kama macho ya paka. Nikakataa. Mtoto wa umri huo kila kitu anatia mdomoni, na kifungo kikichomoka kinamkaba. Akataka kujua kama litamfaa kumfunika usiku. Nikamwambia kabla hajafika mwaka mmoja asimlaze na blanketi lolote lililolegea, linaweza kumziba pumzi. Alitandike sakafuni achezee mchana, yeye mwenyewe akiwepo. Hapo alinyamaza kidogo, akaniuliza vizuri, nikamweleza vizuri. Mwisho akalipa, pungufu shilingi 5,000. “Nitakutumia kwa simu, fundi.”

Baada ya hapo saa sikuiangalia tena. Lilibaki blanketi la mteja wa Njombe, na la Njombe si la Dar. Huku tabaka mbili zinatosha. Kule kwenye baridi naweka blanketi la mtumba katikati. Unatandaza chini, unapiga magoti, unapiga bandi, yaani mishono mirefu ya muda, kushika tabaka zote tatu. Halafu cherehani, sindano namba 16, kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa sababu ukianzia pembeni kitambaa kinajikusanya katikati na huna pa kukipeleka. Mkono wa kushoto unavuta uzito wote, miguu inakanyaga, kiuno kinawaka. Watoto wakarudi shule, wakala, wakalala, mimi bado. Pindo la mwisho nalimaliza kwa mkono na kastabini, kile kikofia cha kukinga sindano, kidoleni, kwenye pembe cherehani haiingii vizuri.

Lakini lilipokamilika nikalitandaza mezani nikapitisha kidole kwenye kila makutano ya pembe. Yote yamekaa. Asubuhi nalipeleka Stendi ya Magufuli, Mbezi, lipande basi la Njombe.

Ile 5,000 haijaingia hadi naandika hapa. Na wewe fundi unayefagia ofisi yako jioni, mabaki ya pamba usiyachome. Yaweke kwenye mfuko, hata kipande kinachotoa inchi 5 tu nakifuata.