"Labda" moja na mbuzi ya euro 12

Jumapili, usiku

Salma kafaulu mtihani wa udereva Jumanne, baba yake katia saini ule mkataba tuliouombea dua tangu Ramadhani, na treni ziligoma siku mbili. Yote yamepita, alhamdulillahi. Kinachonikosesha usingizi ni neno moja nililolitamka Alhamisi asubuhi pale uwanja wa Jeu de Balle, soko la vitu vikuukuu hapa Brussels. Neno lenyewe ni "labda".

Ilikuwa hivi. Yule mzee wa upande wa kituo cha zamani cha zimamoto alikuwa bado anashusha makasha garini. Nikamwamkia kwanza, maana ukishika mali ya mtu kabla ya salamu umeshajiharibia biashara. Kati ya taa isiyo na kofia na sanduku la vijiko palikuwa na kitu cha mbao kimekunjwa, kimelala juu ya blanketi. Sikukigusa. Nikauliza bei ya taa, nikauliza bei ya vijiko, mwisho nikakielekezea kidevu.

"Na hiki?"

"25. Madame, wewe unajua ni kitu gani?"

"Kigoda," nikasema.

"Cha mtoto?"

"Labda."

Nikasema 10, akasema 15, tukakutana 12. Nikalipa kwa noti ya kumi na sarafu ya mbili, kikatiwa kwenye mfuko, nikaondoka.

Haikuwa kigoda. Ilikuwa mbuzi ya nazi, imeng'olewa jino. Niliijua kwa hatua tatu kabla sijafika. Mbao mbili zilizopitana kama mkasi, moja ikiwa kalio, nyingine ikijitokeza mbele kwa ulimi mrefu, na kwenye ncha ya ulimi vitundu vinne vilivyozungukwa na weusi wa kutu. Kigoda hakina ulimi. Aliyekulia Tanga hawezi kukosea kitu hicho hata gizani, na mimi nilikikalia tangu miguu haijafika chini.

Ningeachana na jambo hili lau si lile lililotokea wakati natafuta sarafu. Alipita binti mmoja, akakinyanyua kijiko, akauliza kama ni fedha. Mzee angeweza kukaa kimya. Akamgeuzia mpini, akamwonyesha namba 90 iliyogongwa nyuma, akamwambia: "Si fedha, ni ya kuchovya tu." Wengi wakiiona ile 90 hudhani ni fedha ya asilimia tisini. Maana yake ni kwamba gramu 90 za fedha zilitumika kuchovya seti nzima ya vijiko na uma, kumi na viwili kwa kumi na viwili. Fedha yenyewe hapa Ubelgiji utaikuta na 800, 835 au 925, yaani sehemu za fedha katika elfu. Sumaku nayo haikusaidii sana: itakukamatia chuma, ila shaba nyeupe iliyochovywa haivutwi na sumaku, sawasawa na fedha halisi. Binti akakirudisha kijiko. Mzee alilitaja jina la mali yake na akaikosa bei papo hapo mbele yangu, nami nimekumbatia mbuzi yake na "labda" yangu mdomoni.

Naujua utetezi, nimeshaujibu mara kumi nikiosha vyombo. Soko lile ndivyo lilivyo. Lipo uwanjani pale tangu 1873, kila siku ya Mungu hata sikukuu, saa tatu asubuhi mpaka saa nane mchana, wikendi mpaka saa tisa. Mali nyingi hutoka kwenye nyumba za waliokufa. Jamaa humkodi mtu wa kuondoa kila kitu kuanzia darini mpaka stoo, gari linakuja na makasha yalivyo, yanamwagwa juu ya mawe. Muuzaji mwenyewe mara nyingi hajui kilichomo. Ndiyo maana wafanyabiashara wa vitu vya kale hufika alfajiri na tochi, wananunua kabla blanketi hazijatandikwa, na saa nne kitu hicho hicho kimeshapanda kilima kwenda maduka ya juu, kimewekewa taa dirishani. Siku za kazi ndizo zenye nafasi ya kuuliza na kupunguziwa. Jumapili watu ni wengi na bei hazishuki. Ikikaribia saa nane wauzaji hawataki kupakia tena, hapo utapewa kasha zima la vitabu kwa euro 5, na vingine huachwa chini kabisa. Mvua ikinyesha usinunue karatasi, picha wala vitabu, maana katoni hunyonya maji kutoka chini na ukungu huanza ndani ya siku mbili. Na mliosoma Kifaransa cha Ufaransa, zoeeni namba za hapa: 70 ni septante, 90 ni nonante. Nimemwona mtu akilipa pungufu akaonekana tapeli kwa sababu hiyo tu.

Kwa hiyo kununua usichoelezwa si dhambi sokoni pale. Lakini mimi niliulizwa. Hapo ndipo ninapokwama kila nikirudia. Angekuwa hajaniuliza, ningelala.

Wifi, ulinitumia ujumbe unataka kujua utembee wapi ukija Julai, na jibu langu limeingiliana na hili hili. Ukianzia kwenye Galeries Saint-Hubert, lile barabara la maduka lililoezekwa vioo tangu 1847, huko kila kitu kina jina. Mikoba ya Delvaux, kampuni ya tangu 1829, chokoleti za Neuhaus, waliofungua duka humo 1857. Bei imebandikwa, usijaribu kupunguza. Punguzo lina msimu wake wa kisheria: Julai nzima, na Januari kuanzia tarehe 3. Wiki ya kwanza saizi zako zipo na punguzo ni dogo. Wiki ya mwisho punguzo ni kubwa na viatu vimebaki 36 na 46. Kwa kuwa unaishi nje ya Umoja wa Ulaya, manunuzi ya zaidi ya euro 125 kwenye risiti moja hurudishiwa kodi. Omba fomu palepale dukani ukiwa na pasipoti, usiseme utarudi kesho, na uwanja wa ndege pata uthibitisho wa forodha kabla hujalikabidhi begi. Watu wengi hupoteza fedha zao hapo tu, begi limeshakwenda na ofisa anataka kuuona mzigo.

Soko la vitu vya kale la Sablon ni katikati ya mlima, Jumamosi na Jumapili, mahema ya kijani na mekundu ubavuni mwa kanisa. Pale jina ndilo linalouzwa. Maduka ya kuzunguka huweka vigoda vya Waluba wa Kongo na vinyago kwenye madirisha yenye mwanga, na karatasi ya kitu husika, inayoeleza nani alikileta na mwaka gani, ina thamani kuliko mti wenyewe. Ukinunua chochote pale dai maandishi: ni nini, cha wapi, cha wakati gani, saini. Pembe za ndovu usiziguse. Bila cheti haziuziki Ulaya na hutavuka nazo forodha.

Kutoka Sablon mpaka Jeu de Balle ni mwendo wa dakika kama kumi na tano kuteremka. Ukichoka pita Jumba la Mahakama, ipo lifti ya kioo inayokushusha Marolles, mtaa wenye Jeu de Balle, bure, ikiwa haijaharibika. Na katika dakika hizo kumi na tano majina yote yanakuwa yamedondoka. Ndiyo raha ya kule chini. Na ndiyo iliyonifanya niseme "labda", kwa kuwa nilijua nikisema "hii ni mbuzi, wanawake wa pwani huikalia wakikuna nazi", ile 25 ingegeuka kitu cha Afrika chenye hadithi, na hadithi hupanda kilima.

Nilikuwa nimefika hapo, nimenuna, Ijumaa usiku, nikaamua angalau niitendee haki mbuzi yenyewe.

Nikaigonga kichwa chini juu ya gazeti jeupe. Ukungu hamna, lakini yalimwagika mavumbi laini kama unga wa sembe kutoka kwenye matundu mawili ya mguu. Tundu la zamani huwa jeusi kwa ndani. Haya yalikuwa na rangi ya mti mpya, kwa hiyo mdudu yuko hai. Dawa ya kupaka sitaki, kifaa hiki kinashika chakula. Dawa ni baridi: funga ndani ya mfuko wa plastiki, toa hewa, weka kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri au baridi zaidi kwa wiki mbili kamili. Ukiitoa usifungue mfuko siku hiyo. Iache saa 24, umande ushike nje ya plastiki na si juu ya mti. Ikisha, brashi na maji kidogo, kukausha kivulini. Ukiisogeza karibu na rejeta itapasuka kufuata mshipa wa mti. Nilitoa droo mbili za friza na samaki wa mama mkwe, ikaingia ikiwa imekunjwa.

Kabla ya kuifunga niliipitisha mkono. Kalio limelika zaidi upande wa kushoto, limekuwa laini kama sabuni iliyotumika, na chini ya ulimi pana alama fupi fupi za kisu, mtu alikuwa akikwangua tui lililoganda. Kuna mwanamke alikaa hapa miaka na miaka. Pengine ilivuka na familia ya Kibelgiji iliyofanya kazi Dar es Salaam au Kigoma, maana tangu 1921 Wabelgiji walikuwa na eneo lao kwenye bandari hizo kwa mizigo ya Kongo. Nani aling'oa jino? Labda mtu aliyeogopa watoto wake wakatwe. Nikajikuta nalia, na haikuwa huzuni.

Jino nitalitengeneza. Kipande cha chuma bapa cha milimita 3, ncha ya mviringo, meno yachongwe kwa tupa ya pembe tatu. Tupa kama hiyo utaipata Jeu de Balle kwa euro 2 kwenye makasha ya zana. Vitundu vya zamani nisivitanue, bolti nyembamba zinatosha, nati zikae chini. Nazi nitachukua Matonge, mtaa wa maduka ya Kiafrika hapa Brussels. Nitaitikisa nisikie maji, nitatazama macho matatu yawe makavu bila ukungu.

Alhamisi ijayo nitapita kwa mzee. Sitamrudishia mbuzi, wala sidhani atataka fedha zaidi. Nitamwambia ile siku uliniuliza, nilijua. Nimeshajipangia sentensi ya Kifaransa, ila nikifika kwenye neno la "nilijua" ulimi unakuwa mzito.

Mshale wa presha wa boila umeshuka tena chini ya bar 1. Nimeijaza maji Jumatano, nimeijaza jana, na sioni unyevu popote, si kwenye rejeta wala kwenye maungio ya bafuni. Maji yanakwenda wapi? Bibi wa chini hajasema kitu, lakini leo mchana nilimsikia akivuta ngazi, akaisimamisha chini ya jiko letu.