Harufu ya miguu kwa wanaoshinda na gambuti

Ukishinda soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, na gambuti tangu alfajiri, ukizivua jioni nyumba nzima inajua. Jasho lenyewe halinuki. Bakteria wa kwenye ngozi ndio wanaolila pamoja na ngozi iliyokufa, wakiacha asidi yenye harufu kali. Mpira haupitishi hewa, basi humo wanapata joto na unyevu wanaoupenda.

Osha miguu kwa sabuni kila jioni, usugue katikati ya vidole, kisha ukaushe hapo hapo kwa kitambaa kikavu. Wengi hukosea hapa: wanaosha vizuri halafu wanavaa soksi mguu ukiwa bado na maji. Soksi ziwe za pamba, jozi 2 kwa siku. Soli ya ndani itoe uianike. Ukiweza, uwe na gambuti jozi 2 uvae kwa zamu, kila jozi ipumzike saa 24.

Siki inasaidia: kikombe 1 kwa vikombe 2 vya maji ya uvuguvugu, loweka dakika 15. Usithubutu kama una michubuko au kisukari.

Chunguza nyayo pia. Vishimo vidogo vidogo, kama vilivyodungwa sindano, ni maambukizi ya bakteria. Poda haitoshi, nenda zahanati upewe dawa ya kupaka. Ngozi nyeupe inayobanduka katikati ya vidole mara nyingi ni fangasi, na dawa yake ni nyingine.