Almasi ya Mwadui na glasi ya rosela: jioni yangu na shangazi London

Shangazi yangu alizaliwa Mwadui, Shinyanga, mwaka 1954. Babu alikuwa fundi mitambo kwenye mgodi wa almasi wa huko, familia ikiishi ndani ya uzio, na shangazi alisoma shule ya mgodi na kutibiwa hospitali ya mgodi. Pamoja na hayo yote, hakuwahi kuona almasi hata moja. Aliniambia hivyo kwenye simu mapema mwaka 2025, alipokuwa akijiandaa kuja kunitembelea London, na tangu siku hiyo sikutulia.

Sababu ni kwamba Makumbusho ya Victoria and Albert (V&A), pale South Kensington, yalikuwa yanaandaa maonyesho ya vito vya Cartier, masonara mashuhuri wa Ufaransa, kuanzia tarehe 12 Aprili hadi 16 Novemba 2025. Vitu zaidi ya 350, na kimojawapo ni bruchi, yaani pini ya kupambia nguo, ya Malkia Elizabeth II yenye almasi ya pinki iliyotoka Mwadui. Jiwe hilo lilipatikana mwaka 1947, likiwa na karati 54.5 (karati ni kipimo cha uzito wa vito). John Williamson, mjiolojia wa Kanada aliyeugundua mgodi ule mwaka 1940, alimpa Elizabeth, wakati huo binti mfalme, kama zawadi ya harusi. Likakatwa hapa London, likabaki karati 23.6, na mwaka 1953 Cartier wakaliweka katikati ya ua lenye petali za almasi nyeupe. Babu alianza kazi mwaka 1951, jiwe limeshaondoka, lakini habari zake alizikuta zikisimuliwa, na akazisimulia kwa wanawe.

Nilitaka shangazi alione. Nilitaka pia tupate mahali pa kukaa baadaye, kwa utulivu, tuliongelee. Ndani ya makumbusho watu wanakusukuma polepole kutoka kabati moja hadi jingine, na mtu wa miaka 71 akishamaliza saa mbili za kusimama, anachotaka ni kiti.

Mwezi Mei nilikuwa nimejaribu kitu cha namna hiyo na rafiki yangu. Tulilipia mpango wa hoteli moja uliounganisha vito na kokteli. Vinywaji vilipewa majina ya mawe ya thamani, basi. Yakuti samawi ilikuwa maji ya sukari ya rangi ya bluu, na zumaridi ilikuwa maji yaleyale ya kijani. Niliondoka nikiwa na hasira, maana vito ni kazi ya mikono na akili, na kinywaji kizuri nacho ni hivyohivyo. Kuvikutanisha kwa rangi ya chupani ni kuvikosea vyote viwili. Kwa hiyo safari hii niliamua kupanga mwenyewe.

Kwanza tiketi. Zilikuwa zimeshanunuliwa zote kwa miezi ya mbele. Nikajiunga uanachama wa makumbusho, ule unaomruhusu mwanachama kuja na mgeni mmoja, kwa kuwa wanachama huingia bila kununua tiketi ya maonyesho. Halafu siku: nilichagua Ijumaa, siku ambayo V&A hufungwa saa nne usiku badala ya saa kumi na mbili kasorobo jioni. Nilipanga tuingie saa kumi, tukishakula mchana vizuri, kwa sababu kokteli kwenye tumbo tupu baada ya kusimama muda mrefu ni kutafuta kizunguzungu.

Kilichonisaidia kuliko vyote ni kuipigia simu baa. Hoteli ilikuwa ndogo, mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka makumbusho. Nilipiga Jumanne saa tisa mchana, wakati wateja ni wachache, nikaomba kuongea na mchanganyaji vinywaji mwenyewe. Nikamweleza kwamba tutakuwa wawili, mimi nakunywa pombe, shangazi ni Msabato na haonji kabisa. Nikamwambia kuna vito vitatu tutakavyoviangalia kwa makini, na ningependa kila kimoja kiwe na kinywaji chake. Nilimtumia picha. Alifurahi kuliko nilivyotegemea, akaniuliza maswali ambayo sikuwa nimeyafikiria: taa za mle ndani zikoje, jiwe lina wepesi au uzito machoni, ua limesimama au limelala.

Vito vitatu, si zaidi. Ushauri huu nautoa kwa moyo wote. Ukijaribu kuona vitu 350 utatoka na mng'aro tu kichwani.

Cha kwanza kilikuwa taji la mwaka 1903 lililotengenezwa kwa ajili ya mjane wa Duke wa Manchester, lodi wa Uingereza, almasi nyeupe zikiwa zimepangwa kama miale ya moto. Cha pili bruchi yetu. Cha tatu chui wa Cartier, yule mwenye madoa ya jiwe jeusi la oniksi juu ya almasi. Walianza na madoa tu, kwenye saa ya mkononi ya mwaka 1914, na baadaye wakafika kwenye mnyama mzima. Shangazi alimtazama chui huyo akasema, "Huyu aliyemchora amemwona akitembea. Mabega yako sawasawa."

Mbele ya bruchi alikaa kimya. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza habari za karati na miaka, nikanyamaza. Aliinama hadi paji la uso likakaribia kioo. Mwishowe akaniuliza, kwa sauti ya chini, "Ndiyo hili?" Nikamwambia ndilo. "Baba alikuwa akipekuliwa kila akitoka kazini," akasema. "Viatu, kofia, nywele. Miaka ishirini na mitatu. Na yeye hakuliona." Tulisimama pale muda mrefu, watu wakitupita. Pinki yake si kali, na picha nyingi zinaikosea kwa kuiongezea rangi. Ni kama ukucha wa mtoto mchanga.

Saa kumi na mbili na nusu tulikuwa baa. Nilikuwa nimeomba meza ya pembeni yenye viti vya mgongo, mbali na spika. Taji nililinganisha na White Lady, kokteli inayohusishwa sana na Harry Craddock, mchanganyaji mashuhuri wa American Bar ya hoteli ya Savoy: jini (pombe kali, gin), Cointreau ambayo ni likeri ya machungwa, maji ya limau, na ute wa yai unaotikiswa hadi utoe povu jeupe. Nilipata baridi na ukali wa almasi, bila rangi yoyote ya kudanganya. Shangazi aliletewa maji ya limau yenye sukari kidogo, yaliyotikiswa na ute wa yai vilevile, kwenye glasi ileile. Hilo la glasi nililisisitiza kwenye simu. Asiyekunywa pombe hastahili kupewa bilauri ya juisi yenye mrija huku mwenzake akipewa kioo chembamba.

Cha pili ndicho kilichotuchukua muda. Nilikuwa nimependekeza rosela, kwa sababu ndiyo juisi ya nyumbani, lakini rosela ni nyekundu ya damu ya mzee, na ukiikamulia limau inazidi kuwa nyekundu. Mchanganyaji alikuwa ameshalifanyia kazi. Alichemsha rosela akaipooza, akatumia kijiko kidogo tu, akaitikisa na ute wa yai bila barafu kwanza, kisha na barafu. Povu likapunguza makali ya rangi. Ya kwanza ilitoka nyekundu bado. Shangazi akaomba simu yangu, akaweka picha ya bruchi kando ya glasi, akatikisa kichwa. "Punguza, baba," akamwambia, nami nikatafsiri. Ya pili ilikaribia. Ya tatu ikawa yenyewe, na akaichuja juu ya maji ya tonic yenye viputo, ili mwanga upite. Yangu aliiongezea jini. Kusema kweli, ile ya shangazi ilikuwa tamu zaidi. Jini lilifunika harufu ya rosela.

Kwa chui nilichukua espresso martini, kinywaji kilichobuniwa hapahapa London na Dick Bradsell miaka ya 1980: vodka, kahawa iliyokamuliwa muda huohuo, na punje tatu za kahawa zikielea juu ya povu kama madoa. Shangazi alikataa kahawa kwa sababu ya imani yake, akaomba arudishiwe ile ya pinki.

Hapo ndipo alipofunguka. Alieleza king'ora cha kubadilisha zamu, uwanja wa ndege ndogo, jinsi watoto walivyokuwa wakiokota vioo vilivyovunjika na kuapa kwamba ni almasi. Mambo mengi sikuwahi kuyasikia, na mimi ni mtoto wa kaka yake. Tulikaa hadi saa tatu usiku.

Gharama: vinywaji vyangu paundi 18 kila kimoja, vya shangazi 11, juu yake asilimia 12.5 ya huduma. Si pesa ndogo. Anayetaka kupunguza achague kito kimoja na kinywaji kimoja. Maonyesho ya Cartier yamekwisha, lakini ukumbi wa kudumu wa vito wa V&A hauna kiingilio, na mle kuna taji dogo la yakuti samawi na almasi ambalo Prince Albert alimbunia Malkia Victoria mwaka 1840. Mwezi ujao nakwenda na rafiki yangu yuleyule wa Mei, na nimeshaipigia simu baa kuhusu Aviation, kokteli ya jini yenye likeri ya maua ya urujuani, inayotoa bluu ya mbali kabisa.

Mchanganyaji alipoleta hesabu aliuliza jiwe lile limetoka wapi hasa. Shangazi akajibu mwenyewe, bila kunisubiri nitafsiri: "Mwadui." Akamtamkia mara mbili. Kijana akachukua kalamu, akafuta neno lililochapwa kwenye risiti mbele ya kinywaji cha pinki, akaandika jina hilo. Shangazi aliikunja risiti ile akaiweka ndani ya Biblia yake, na ndiyo aliyorudi nayo Shinyanga.