Mama kauliza dada anafika China saa ngapi

Dada yangu ana duka la nguo pale Mwanjelwa, Mbeya, mwezi uliopita kaenda Guangzhou, China, kufuata mzigo kwa mara ya kwanza, sasa mama yuko Tukuyu, simu haikatiki, ananiuliza (mimi ananiita baba): baba, huyo mtoto anakaa angani muda gani, baba, huyo mtoto anafika saa ngapi. Nikamsomea tiketi: kutoka Dar 10:00, kufika 01:30 kesho yake. Mama akahesabu mwenyewe, saa nne asubuhi mpaka saa saba na nusu usiku, masaa kumi na tano na nusu! Akaanza kulia kabisa.

Kumbe hapo ndo wengi tunapokosea. Saa ya kuondoka ni ya Dar, ya kufika ni ya China, na China wako mbele yetu masaa 5. Toa hayo matano, zinabaki kumi na nusu. Nikamwambia mama, kwa saa yako ya ukutani anatua saa mbili na nusu usiku, hata hujalala.

Ila nikataka nihakikishe kwa hesabu maana mama haridhiki kirahisi. Dar iko karibu nyuzi (digrii) 7 kusini na 39 mashariki, Guangzhou nyuzi 23 kaskazini na 113 mashariki, na uzi mmoja pale ikweta ni kama kilomita 111. Nikapiga kama dunia ni karatasi, pembetatu ya Pythagoras tuliyosoma sekondari, ikaja kama kilomita 8,900. Sio sahihi, sababu dunia ni mviringo na mistari ya longitudo inasogeleana kadiri unavyoiacha ikweta, kwahiyo zile nyuzi 74 za kwenda mashariki ukifika kule Guangzhou zimeshabana. Kuna fomula inaitwa haversine, inatumia nusu kipenyo cha dunia kilomita 6,371, hiyo ikanipa kama 8,700. Ukiwa na mpira na uzi unaiona hii vizuri sana, weka alama mbili, vuta uzi ukaze, njia fupi inajionyesha yenyewe, afu ukiichora kwenye ramani ya ukutani inapinda.

Sasa ndege kubwa ikishatulia juu inaenda kama kilomita 900 kwa saa, gawanya, unapata masaa tisa na dakika arobaini. Ongeza kupanda, kushuka, kutembea uwanjani, na njia za angani haziendi moja kwa moja kama uzi, upepo nao una maneno yake. Masaa kumi na nusu yanaeleweka kabisa.

Na kwa anayeanzia Mbeya kama sisi, uwanja wa ndege wa Songwe mpaka Dar ni kama kilomita 690 hewani, wakati kwa barabara unazidi 800 na unashinda kwenye basi kutwa nzima. Tangu uwanja wa Songwe ufunguliwe 2012 hiyo safari ni saa moja na kitu, ukungu tu usikubane asubuhi.

Tiketi ya kurudi nayo usidanganyike, inaondoka huko 13:00 inafika Dar 19:00, inaonekana masaa sita, kumbe unaongeza yale matano, ni kumi na moja.

Meseji ya dada iliingia saa tatu kasoro usiku, nimefika. Nikampigia mama hapo hapo, akasema ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, akaenda kulala.