Jinsi tulivyoacha kurushiana visahani vichwani hapa Tabora

Kisahani cha gofu, yaani kile kinachorushwa kwa mkono mpaka kiingie kwenye kikapu cha minyororo, kina uzito wa gramu 170 na kitu, na kile cha kurusha mbali kina ukingo mwembamba, mgumu. Kisifananishwe na vile vya plastiki laini wanavyorushiana watoto. Nimeanza na hili kwa sababu nimeshaambiwa na watu wazima kabisa kwamba "kadude kale hakawezi kumwumiza mtu". Mimi mwenyewe nimekirusha kikapiga ndoo iliyojaa maji kichwani kwa mama wa watu, ndoo ikadondoka ikapasuka. Kingeshuka shubiri moja tu, leo nisingekuwa naandika habari za mchezo.

Tunachezea eneo la wazi upande wa kwenda Kwihara, katikati ya miembe mikubwa. Vikapu viko tisa. Fundi wa kuchomelea alitutengenezea kwa mabomba na minyororo chakavu ya baiskeli, vikatugharimu kama laki tatu hivi, ukiweka na usafiri inazidi. Mchezo ni ule ule wa kikapu cha minyororo alichobuni Ed Headrick kule Marekani miaka ya 1970: mwenye mirusho michache ndiye mshindi.

Kikapu cha nne ndicho kilichotutesa. Unarushia chini ya mwembe, mbele kuna kichuguu kikubwa, na nyuma ya kichuguu inakatiza njia ya miguu ya kwenda kisimani. Anayerusha haoni kitu. Rafiki yetu mmoja aliyewahi kuishi nje alitusisitizia kwamba dawa ni kupiga kelele "Fo!" kama wacheza gofu dunia nzima. Siku ya ile ndoo nilipiga hiyo "Fo!" kwa mapafu yote. Yule mama alifanya nini? Alisimama, akageuka kuangalia nani anamwita. Hapa kwetu mtu akiitwa anageuka, na huo ndio uungwana wake.

Tukabadilisha, tukawa tunaita "Angalia!" Hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Ilikuwa msimu wa maembe, watoto wako chini ya miti na wengine juu ya matawi. Uliposema "angalia", nyuso zote zilielekea angani, kule kule kinakotoka kisahani. Nilitetemeka mikono siku ile.

Nikakaa usiku nikiwaza: neno linatakiwa kumwambia mtu afanye nini, siyo kumwambia kuna kitu. Jumamosi iliyofuata nikawachukua watoto wa dada yangu na wenzao, jumla tisa, nikawaambia watembee tu kwenye njia, wala sikuwaeleza sababu. Kisahani nilikiacha kwenye mfuko. Nikajificha nyuma ya kichuguu nikapaza sauti: "Inama!" Wote tisa waliinama, na wanne wakajifunika vichwa kwa mikono bila kufundishwa na mtu. Nikarudia mara tatu kwa nafasi tofauti, na kila mara waliinama. Tangu siku hiyo hatuna neno jingine uwanjani, na ninajivunia kulipata.

Kwa yule mama nilikwenda jioni ya siku ile ya ndoo na mke wangu, na ndoo mpya na sukari. Aliipokea, akaniambia: "Mwanangu, ndoo nimepokea. Lakini wajukuu wangu wanapita pale kila siku. Ile njia mmeikuta." Maneno hayo yalinikaa. Kuna mwenzetu alikuwa anashauri tuweke kamba watu wazunguke, eti uwanja ni wetu. Nilimkatalia mbele ya wote. Hata kanuni za mchezo wenyewe zinasema usirushe mpaka uwe na hakika hutamwumiza mtu. Mpita njia akionekana tunashusha mikono, tunamwamkia, "mwangaluka", anapita na mzigo wake, ndipo tunaendelea.

Likabaki la sisi kwa sisi. Kuna kundi la vijana wa chuo, wepesi, watatu watatu. Mara mbili walirusha sisi tukiwa bado kwenye kikapu, na mara ya pili kisahani kilipita karibu na sikio la mzee wetu mmoja. Niliwafuata nimekasirika. Kijana mmoja akaniambia kwa adabu, "Shikamoo mzee. Tumesubiri nusu saa. Nyinyi mko saba, mnatafuta kisahani kimoja kwenye nyasi." Hasira ikaniishia pale pale, kwa kuwa ilikuwa kweli. Kanuni inatoa dakika 3 za kutafuta, sisi tulikuwa tunamaliza robo saa. Sasa kundi halizidi watu watano, na tukiona walio nyuma wametufikia tunakaa pembeni kivulini na kuwapungia kofia wapite. Nimeona kwa macho yangu: tangu tuanze kupisha, hakuna aliyerusha juu ya mwenzake. Walikuwa hawana dharau, walichoka.

Na kile kichuguu? Jibu lilitoka kwa yule yule mzee wa sikio, mstaafu wa reli. Alisema treni haiondoki stesheni mpaka stesheni ya mbele ithibitishe kwamba njia iko wazi. Tukatafuta rimu chakavu ya gari, kama zile za kengele za shule, tukaining'iniza kwenye mwembe karibu na kikapu cha nne kwa mnyororo na kufuli, na nondo ya kugongea. Kundi likimaliza na kuondoka linagonga mara mbili. Kabla ya hapo, aliye nyuma ya kichuguu anakaa na kisahani chake.

Wajukuu wa yule mama waliutazama mpango huo siku mbili tatu, wakaongeza wa kwao. Wakifika kwenye njia wanagonga mara moja, maana yake "tunapita". Sisi tunasubiri. Wakishavuka wote, mdogo wao wa mwisho anarudi mbio kugonga zile mbili.