Gargamel, ule mzee wa nguo yenye viraka

Jana kuran, ule umeme, ilirudi saa mbili ya usiku, watoto ba dada yangu bakawasha tele bakaangukia kwenye ba Schtroumpf, bale tuwatu tudogo twa bluu twa mu desen anime (katuni), na wakati Gargamel, mulozi adui yabo, alitokea na paka yake bote bakapiga kelele ya furaha. Si Grand Schtroumpf, mukubwa wabo, ni Gargamel. Nikakumbuka na siye hapa Bukavu, ku Kadutu, tulikuwaka vile vile, tunajaa mu nyumba ya jirani mwenye tele, tunangojea mubaya ndiyo atokee.

Ba Schtroumpf ni kazi ya Mubelgiji wa Bruxelles, Pierre Culliford, wengi banamujua kwa jina la Peyo. Alibachora mara ya kwanza mu 1958, ndani ya hadithi ya Johan na Pirlouit mu gazeti Spirou, na hapo Gargamel hayuko hata. Alikuja 1959, mu kahadithi kale msomaji alikuwa anatoa katikati ya gazeti anakunja mwenyewe mpaka kanakuwa kitabu kidogo sana, kwa hiyo ule mubaya wote alizaliwa mu kitabu cha kuenea mu kiganja! Desen anime ya Hanna-Barbera, kampuni ya Marekani, ilikuja nyuma, 1981, ndiyo akatembea dunia muzima.

Jina lake linafanana na la Gargamelle, mama ya Gargantua, lile jitu la mu kitabu cha Rabelais, mwandishi Mufaransa wa zamani. Na paka, Azraël, ni ule ule Ziraili mtoa roho, jirani yetu Mwislamu ndiye alituambia na usiku ule sikulala vizuri. Fikiria paka inabeba jina la malaika wa kifo, alafu kila siku inashindwa na tuwatu twa urefu wa mapome tatu.

Lakini kitu kinanishika kwake ni dahabu. Wengi banafikiri anataka tu kukula ba Schtroumpf, na kweli mu desen anime kuna siku anataka kubakula, lakini mwanzo wake haikuwa njaa, alitafuta Schtroumpf juu ndiyo dawa yenye ilikuwa inakosekana ili atengeneze jiwe la kugeuza chuma kuwa dahabu. Nyuma ya kushindwa ndiyo akaapa kisasi, na ni kisasi ndiyo ilimufanya atengeneze Schtroumpfette, Schtroumpf mwanamuke, mu ile hadithi ya 1966, na machozi ya mamba ndani ya dawa, amutume akavuruge kijiji. Kwangu kisasi inamupunguza. Namupenda zaidi akiwa mbele ya chungu chake, nguo nyeusi ya viraka, nyumba inabomoka, hana bibi hana mtoto, na kila asubuhi anaamka anajua kabisa kama leo ni leo.

Siye mu Kivu ya Kusini ule mtu tunamujua. Mujomba wangu alienda Kamituga kuchimba dahabu nikiwa mu ya tatu primaire, alisema miezi tatu, akakaa miaka ine. Maji inaingia mu shimo, deni ya PDG, mukubwa wa shimo, inapanda, ba mama twangaise banatwanga mawe yake siku muzima inatoka kitu ya kufunika ukucha tu, na yeye anatuma habari kwa mama: dada, tumekaribia. Kila mara tumekaribia, na mama anauzisha kitenge kimoja anamutumia feza.

Siku moja alirudi kutusalimia, akakaa na siye mbele ya tele. Gargamel akaanguka mu mutego wake mwenyewe, siye watoto tukacheka mpaka kulala chini. Mujomba hakucheka. Akauliza:

— Sasa kesho atarudilia?

— Ndiyo mujomba, anarudiliaka kila siku.

Akaangalia tele mpaka mwisho, hakusema kitu. Siku ya tatu yake alipanda kamio ya Kamituga.